Ghala la Umeme la Suti Moja

“Hivi umeme nao hauwezi kuwekwa akiba kwenye ndoo, kama maji?”

Aliyeuliza hivyo alikuwa jirani mmoja wanayemwita Mama Trei, muuza mayai wa zamani. Ilikuwa saa nne asubuhi, naye amesimama mlangoni kwake, umeme umekatika kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja. Wapangaji waliokuwa uani walicheka. Mwanamke aliyekuwa anafua alicheka mpaka povu likamwingia machoni. Mwenye nyumba, ambaye hata kicheko hukitoa kwa kipimo, alitoa kimoja kifupi kisha akafunga mdomo.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha pembeni, mguu juu ya mguu, amevaa suti ya rangi ya majivu. Suti hiyo aliivaa Jumatatu mpaka Jumapili, na kwa hiyo watu wakamwita Suti Moja, ingawa mwenyewe alikuwa na tai tatu. Akivaa tai nyekundu alikuwa mtu wa bima. Akivaa ya bluu alikuwa mtu wa viwanja. Siku ambayo hakuvaa tai alikuwa amefiwa, na anachangisha.

Suti Moja aliwahi kukaa miezi mitano kwenye kibanda cha fundi simu, akifagia na kufungua mlango. Humo aliokota majina ya vitu vingi na kazi za vitu vichache. Alipoondoka, fundi alimlipa kwa vifaa badala ya mshahara: mita ya kupimia umeme, kichomeo cha kulehemu, chaja mbili za meza na kadi moja ya ulinzi wa betri ambayo hakuna mteja aliyeitaka. Vyote vilikuwa chini ya kitanda chake, vinasubiri mtu aulize swali la kijinga.

Sasa limeulizwa, na wala halikuwa la kijinga.

Kwa Mama Trei halikuwa la mzaha pia. Chumbani kwake, nyuma ya pazia, kulikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, inayokula mayai mia moja na hamsini kwa mpigo. Mashine si yake. Ni ya shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, mtu mpole anayesema mambo magumu kwa sauti ya chini. Mara ya kwanza alipotia mayai, umeme ulikatika yakiwa na siku kumi na nane, vifaranga wakafia ndani ya maganda. Mara ya pili ulikatika siku ya kumi na mbili. Shemeji alikuja, akaangalia, akasema hana ugomvi na mtu, ila mara ya tatu isipototoa atakuja na mkokoteni aichukue mashine yake. Mashine ikiondoka, Mama Trei anarudi kuuza mayai ya watu kwa trei, kazi ambayo miguu yake ilishaikataa.

Suti Moja alisimama, akajifuta vumbi ambalo halikuwepo, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye cheo.

“Mama yangu ameuliza jambo la kisomi,” alisema. “Umeme unawekwa akiba. Mimi nimeweka.”

Kisha akawaeleza. Alisema kila betri ya kompyuta mpakato iliyokufa ina vipande sita ndani yake, kila kimoja kama kidole gumba cha mwanamume, vinaitwa seli. Betri ikifa, watu huitupa, kumbe zilizokufa ni seli moja au mbili tu, wenzake wamekaa humo wazima, wanazikwa hai. Ukizifungua, ukazichaji, ukazipumzisha siku kumi na nne, ukazipima tena, walio hai unawajua. Ukiwafunga pamoja mia kwa mia una ghala la umeme la nyumba nzima. Kwa ghala la ua mzima hakutaka hela ya mtu. Alitaka betri mbovu tu, zile ambazo watoto wanazichezea.

Jambo la kuchekesha ni kwamba yote hayo ni kweli. Suti Moja aliyasikia kwa fundi simu huku akifagia, akayashika kama kasuku, na mwenyewe hakuyaamini hata nusu. Alichokiamini ni kimoja: kule mjini kuna wanunuzi wa seli nzima, wanazitaka kwa tochi na pikipiki za umeme, na wanalipa vizuri. Shida ni kuzichambua. Ni kazi ya wiki kadhaa, ya kukaa, kupima na kuandika, na Suti Moja aliichukia kazi ya kukaa kuliko alivyoichukia jela. Hivyo aliamua wafanye wengine kwa ajili ya ghala lao, na seli zikishachambuliwa azibebe.

Mpango mzuri huhitaji mtu mwenye tamaa, na Mungu hakumnyima. Alimpa wawili.

Wa kwanza alikuwa mwenye nyumba. Alimwita Suti Moja pembeni siku hiyo hiyo, karibu na tangi la maji, akamuuliza kama ghala linaweza kuwa na swichi. Suti Moja akamuuliza swichi ya nini, mzee. Mwenye nyumba akasema, ya taa za wapangaji, ikae chumbani kwake karibu na kitanda, ili umeme ukikatika, anayetaka mwanga aje apige hodi. Suti Moja alimtazama kwa heshima ya mwizi anayemwona mwizi mwenzake kanisani. Akasema inawezekana, ila kazi ya siri inataka utulivu, na mtu anayedaiwa kodi hana utulivu. Kodi ikasimama.

Wa pili alikuwa karani mmoja, mpangaji wa chumba cha tatu, anayefanya kazi kwenye ofisi yenye stoo. Karani alinong'ona kwamba stoo ina betri mbovu sitini, zinangoja kutupwa. Akitunziwa siri, yeye atazitoa kidogo kidogo ndani ya mkoba wake wa chakula, mradi fungu lake la umeme liwe kubwa kuliko la wenzake. Suti Moja akamshika bega, akamwambia nchi inajengwa na watu kama yeye.

Lakini kazi ya kuchambua alipewa Mama Trei, na hapo ndipo Suti Moja alipoanza kukosea bila kujua. Alimchagua kwa sababu alikuwa mtu wa subira, na kwa sababu alikuwa na trei. Seli inakaa kwenye tundu la trei ya mayai kana kwamba ilitengenezewa humo.

Mama Trei alimuuliza karani kama betri zimetolewa kwa idhini. Karani akasema mama, hizo ni takataka. Mama Trei akasema yeye takataka ya mtu haiguzi bila karatasi. Karani aliomba, akacheka, akakasirika, mwishowe akaenda kwa bosi wake kwa aibu. Bosi alifurahi mno. Alikuwa ametafuta miezi minne mtu wa kumwondolea betri zile, kwa hiyo aligonga muhuri, akampa na gari la ofisi la kuzibebea. Karani alirudi ameinamisha kichwa. Kitu ambacho angekiiba kwa siku arobaini alipewa kwa dakika kumi, mchana kweupe, akakosa hata utamu wa dhambi.

Basi kazi ikaanza. Suti Moja, ili aonekane mhandisi, ilimbidi afundishe. Alikaa barazani kwa Mama Trei asubuhi mbili, akafungua betri ya kwanza kwa bisibisi, akazitoa seli moja moja. Akamwonyesha mita inavyosomwa. Seli ikijaa isome volti nne nukta mbili, ikipumzika siku kumi na nne iwe bado juu ya nne. Ikishuka, imekufa. Ikipata moto wakati wa kuchaji, usiiulize, itoe nje uiweke kwenye mchanga. Mama Trei aliandika kila neno kwenye daftari la mayai.

“Kumbe kama yai,” alisema.

“Kama yai vipi, mama?”

“Unalimulika, unaandika tarehe, unaliacha, unalimulika tena. Lililo hai linajionyesha lenyewe.”

Suti Moja akasema hasa, mama yangu, hasa, wala hakusikiliza, maana macho yake yalikuwa yanahesabu trei.

Kisha akatengeneza kielelezo. Alichukua kopo la biskuti, akapanga seli tisa humo, tatu tatu, akazilehemu. Kati ya kila seli na ukanda wa shaba aliweka waya mwembamba kama unywele, kama alivyoona kwa fundi. Mama Trei akauliza wa nini. Akamjibu kwamba seli moja ikichanganyikiwa, waya wake unakatika, inatengwa, na wenzake wanaendelea na kazi. Mama Trei alifurahi sana kusikia hivyo, akasema hata kwenye vikundi vya akina mama wangekuwa na waya kama huo. Akauliza tena mbona kichomeo hakikai juu ya seli. Akaambiwa usikae, mama, gusa utoke, kama unaonja mchuzi wa moto. Mwisho akafunga ile kadi ya ulinzi, akaeleza kwamba ndiyo askari wa getini, inazuia betri isishibe kupita kiasi wala isilale njaa. Akaunganisha balbu. Balbu ikawaka, ua mzima ukapiga makofi, na Suti Moja akainama kama mtu aliyeigiza vizuri, kwa sababu kwake yeye ulikuwa mchezo wa kuigiza.

Ni hapo Mama Trei alipomuuliza swali moja, tena kwa upole.

“Injinia, mashine yangu hili kopo litaitunza muda gani?”

“Hilo? Hata mwezi mzima, mama. Wewe tu.”

Mama Trei akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Ubavuni mwa mashine kuna kibati kimeandikwa wati sitini. Kwenye daftari alikuwa ameandika maneno ya Suti Moja mwenyewe, kwamba seli nzima ya namna ile hubeba kama wati saba kwa saa moja. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini mtu aliyegawa mayai kwenye trei kwa miaka kumi na tano hawezi kushindwa na hesabu hiyo. Seli tisa zinaisha kwa saa moja. Umeme ukikatika kwa saa kumi na mbili, kama ulivyofanya siku ile ya vifaranga, anahitaji seli mia moja na nane. Alirudia hesabu mara tatu, ikatoka ile ile.

Akakaa kitandani, akafikiri. Mtu anamjengea mwenzake ghala, siku ya kumi sasa, wala hajamuuliza mzigo ni magunia mangapi. Hajauliza mashine inakula nini, hajauliza ghala litakaa wapi, hajapima hata mlango. Na jana alipomwomba ampimie seli tatu tu, alipima moja, akapiga miayo.

Mwingine angetoka akapiga kelele. Mama Trei hakutoka. Kwanza hakuwa na uhakika, na kumsingizia mtu ni dhambi. Pili, mafundisho yalikuwa mazuri. Aliomba Mungu ampe macho, kisha akaendelea kuandika tarehe kwenye seli kwa penseli.

Suti Moja kwa upande wake alikuwa anamshughulikia mwenye nyumba, ambaye alianza kuuliza ghala liko wapi. Akamletea sanduku la bati lenye kufuli, zito kiasi kwamba walilibeba watu wawili wakipumzika njiani. Juu yake kulikuwa na kitaa cha kijani kinachowaka. Akaeleza kwamba hii ni nusu ya kwanza ya ghala, ile ya swichi, na kwamba umeme ndani yake bado mchanga, unatulia, lisifunguliwe kabla ya siku kumi na nne. Mwenye nyumba alilisukuma chini ya kitanda chake kwa magoti yake mwenyewe. Siku hizo alionekana akitembea uani akiwatazama wapangaji mmoja mmoja, kama mtu anayechagua kuku.

Kwa Mama Trei siku zilikwenda. Seli zilikuwa mia tatu na sabini na nane, za stoo na za uani. Za mwanzo zilimaliza kupumzika mapema, kwa sababu zilichajiwa mapema. Hilo Suti Moja hakuliwaza, yeye alihesabu siku kumi na nne kutoka ya mwisho. Kila alipopita barazani na kuuliza zinaendeleaje, Mama Trei alijibu kwamba zinaendelea. Nyuma ya pazia hakuingia, maana hata tapeli ana adabu zake mbele ya mwanamke mzima.

Nyuma ya pazia, kila asubuhi baada ya sala na kabla ya kwenda sokoni, Mama Trei alikuwa anajifunza kulehemu. Alijifunzia kwenye zilizokufa. Seli ya kwanza aliiunguza, ya pili risasi ya kulehemea ilidondoka kwenye kanga, ya kumi ilikubali. Ya hamsini ilipendeza. Alipozoea akahamia kwa walio hai, akawapanga thelathini na sita, na thelathini na sita, na thelathini na sita, kila mmoja na unywele wake. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa. Kadi ya ulinzi aliomba aazimwe aitazame vizuri, na Suti Moja akamwachia kwa moyo mkunjufu, pamoja na kichomeo na chaja, kwa kuwa aliona kwamba anayeazima kifaa hawezi kumshuku mwenye kifaa.

Siku ya mwisho ya kupima, Suti Moja alikuja amevaa tai ya bluu. Alikaa barazani, akakataa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema sasa seli nzima zote lazima ziende mjini kuchomelewa kwa mashine kubwa, maana kazi ya mkono ni ya kielelezo tu. Atazipeleka mwenyewe, kesho kutwa azirudishe zikiwa ghala kamili. Alisema hivyo akitazama ukuta.

Basi Mama Trei akawa na uhakika.

“Nikutolee zile za kwenda?” aliuliza.

“Hizo hizo, mama yangu.”

Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na mfuko wa turubai umefungwa kamba vizuri, mzito. Akampa kwa mikono miwili.

“Hupimi, mwanangu?”

Suti Moja akacheka kicheko chake kizuri, kile cha kwenye tai nyekundu. “Mama, mimi na wewe ni wa kupimana?”

“Haya. Nenda salama.”

Mama Trei hakusema uongo hata mmoja, na jioni ile alilitafakari hilo mbele ya Muumba wake kwa uangalifu, akaona hakusema. Kisha akaunganisha waya wa mwisho, akaifunga mashine kwenye ghala lake, akasubiri joto lifike, akapanga mayai mia moja na hamsini.

Suti Moja alilala mji wa pili, akijiona tajiri. Asubuhi alikwenda kwa mnunuzi wa kwanza, kibanda chenye mita tatu mezani. Mnunuzi alichukua seli moja, akapima, akaiweka chini. Akachukua nyingine. Akachukua ya katikati ya mfuko, akachukua ya chini kabisa. Akamsukumia mfuko. Suti Moja akaanza kuongea. Aliongea kuhusu unyevunyevu, kuhusu seli zilizoona haya safarini, kuhusu mita za siku hizi. Aliongea vizuri kuliko siku zote za maisha yake, na mnunuzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampimia seli moja zaidi, ikasoma sifuri.

Alizunguka wiki tatu. Masikio aliyozoea kuyajaza hayakuwa na kazi mbele ya wanunuzi hawa; wao walisikiliza mita tu. Aliuza tai nyekundu, akauza ya bluu. Mfuko ulimchimba bega la koti mpaka pamba ikatoka. Mnunuzi wa mwisho, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alipima seli arobaini mfululizo kisha akatikisa kichwa kwa namna ya kusifu.

“Nani kakuchambulia hizi?”

“Kwa nini?”

“Anajua kazi. Mfuko una mia mbili na kitu, nimechota arobaini, na hakuna hata moja nzima iliyomponyoka. Mtu kama huyo mimi ningemwajiri leo.”

Suti Moja alikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara. Alihesabu upya mambo yote kuanzia ile trei ya kwanza, na uso wake ukabadilika rangi kidogo kidogo. Kilichompanda hakikuwa aibu. Ilikuwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Amefundisha kwa moyo wake wote, ametoa vifaa vyake, halafu mwanamke mcha Mungu anamtendea hivi. Akabeba mfuko, akarudi kudai haki.

Alifika saa nane mchana. Uani mwenye nyumba alikuwa anapiga plasta ukuta wa choo. Siku ya kumi na nne alikuwa amelifungua sanduku, akakuta mchanga wa kujengea, uliochekechwa vizuri, na betri moja ya tochi. Wawili hao walitazamana. Mwenye nyumba alifungua mdomo apige kelele za mwizi. Halafu akawaona wapangaji wameketi kivulini, akafikiria atawaelezaje swichi ya chumbani kwake, akaufunga.

“Karibu,” alisema.

“Asante, mzee,” alisema Suti Moja, akapita.

Mama Trei alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, pazia limefunguliwa. Suti Moja alitua mfuko sakafuni kwa kishindo.

“Mama, umenidhulumu.”

“Karibu, mwanangu. Nimekudhulumu nini?”

“Ulinipa seli viza.”

“Nilikutolea za kwenda,” alisema bila kugeuka. “Walio hai hawakuwa na safari.”

“Nimetembea nazo wiki tatu. Nimetukanwa na watu nisiowajua. Mimi nilikuamini, mama.”

“Nilikuomba upime.”

Alitaka kujibu. Wakati huo redio ya jirani ilikatika katikati ya wimbo, friji ya dukani ikanyamaza, na huko uani mtu akasonya. Umeme umekwenda. Chumbani kwa Mama Trei taa ya mashine haikupepesa hata kidogo, na feni yake ndogo iliendelea kunong'ona. Suti Moja akatazama chini ya meza. Safu tatu zilikuwa zimelala ndani ya fremu ya mbao, thelathini na sita, thelathini na sita, thelathini na sita, shaba imenyooka, nywele zote mahali pake, na kadi ya ulinzi imekaa mwisho kama askari wa getini. Akachuchumaa. Akasogeza kidole karibu, bila kugusa, kutoka seli ya kwanza mpaka ya mwisho.

“Inafanya kazi,” alisema, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe.

“Tangu siku ile uliyoondoka. Umeme umekatika mara saba, na mara moja kwa saa kumi na moja nzima.”

“Nani alikufungia?”

“Si wewe ulinifundisha?”

“Mimi?”

“Ulifundisha vizuri sana, mwanangu. Ila ulikuwa husikilizi.”

Ndani ya mashine kitu kiligonga, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Mama Trei akainama kwenye kioo. Yai moja lilikuwa na ufa, kwenye ufa kulikuwa na mdomo, na mdomo ulikuwa unafanya kazi. Pembeni yake yai jingine likatikisika. Shemeji alikuwa ameahidi kuja kesho, na mkokoteni au bila mkokoteni, kulingana na atakachosikia. Mama Trei alifunika uso kwa viganja, midomo ikacheza kidogo, kisha akajifuta kwa ncha ya kanga akarudi kuwa kama alivyokuwa.

Suti Moja alisimama. Bado alikuwa na nia ya kupata chochote, hata kidogo, ili safari isiwe ya bure. Akasema basi yaishe, kila mtu abaki na chake, na yeye kwa wema wake ataziacha hizi mbovu hapa hapa, mama azitumie kujifunzia.

“Hapana, hizo beba,” alisema Mama Trei. “Nikwambie ukweli, zilikuwa zinaninyima raha. Jalalani haziruhusiwi, zikipondwa zinawaka moto. Kuzifukia siwezi, kisima kiko hapo. Kila asubuhi nilikuwa naomba Mungu aniletee mtu wa kuzitoa humu ndani kabla vifaranga hawajaja. Akakuleta wewe, tena umevaa vizuri.”

Suti Moja alitazama pamba iliyotoka begani mwa koti lake.

“Kuna kituo wanachozipokea, upande wa pili wa mji, nyuma ya karakana ya mabasi,” Mama Trei aliendelea, akimnyanyulia mfuko na kumtengenezea mkanda begani, upande ambao koti lilikuwa bado zima. “Wanafunga saa kumi. Hawalipi, lakini hawaulizi mtu jina.”

Kifaranga wa kwanza alitoa kichwa, amelowa, shingo imelegea, akawatazama wote wawili kwa jicho moja. Suti Moja naye akamtazama. Kisha akaweka mkanda sawa, akainamisha kichwa kukikwepa kizingiti cha juu cha mlango, akatoka.